Kufumua Nywele

Mama aonapo fungu zima la nywele mkononi mwake, baada ya kumfumua binti yake msuko wa majuma 6, mara hushtuka, na wengine hunong'ona habari za uchawi. Sivyo. Kichwa cha mtu hupukutisha nywele 50 hata 100 kila siku. Zikifungwa katika msuko hazipati njia ya kuanguka, basi hutoka zote siku moja. Hizo si za kulilia. Za kulilia ni zile zikatikazo kwa haraka ya Jumamosi jioni.

Kwanza zipakwe mafuta ya nazi, zifumuliwe kwa vidole toka nchani. Uchafu ulioganda shinani uondolewe kabla ya maji, maana ukilowa, nywele hushikamana kama sufi. Ndipo zichanwe kwa chanuo la meno yaliyoachana, nchani kwanza, shinani mwisho. Kisha zioshwe, na kichwa kipumzike majuma mawili.

Tena msuko usikazwe. Sisi waalimu twawaona darasani wasichana wasioweza hata kuinamia kitabu kwa maumivu. Nywele za panjani zikivutwa hivyo miaka mingi, pengine hazioti tena.