Usimwogeshe Tomi Bado

Uyole, Mbeya
Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Huku baridi imetubana, na najua Mafinga ni hivyohivyo. Mama yako ameniambia manyoya ya mbwa wako Tomi yamejifunga mafundo, na kwamba Jumamosi umepanga kumwogesha ili yalainike. Nakuomba usimwogeshe bado. Fundo likilowa hukaza, na likikauka huwa gumu zaidi. Maji nayo hubaki chini yake, na kwa jua hafifu la mwezi huu ngozi inakaa na unyevu siku nzima. Hapo huchubuka, hunuka, na nzi hutaga mayai. Nimeona mbwa mwenye mabuu chini ya manyoya ambayo kwa juu hayakuwa na dalili yoyote.

Mbwa wetu wa kienyeji hawasumbuki na mambo haya, manyoya yao ni mafupi. Tomi ni chotara wa Jemani Shepadi, ana manyoya marefu juu na mengine laini chini. Yale laini yakipukutika, mengine hayaanguki chini. Hunaswa na marefu, kisha msuguano huyasokota. Ndiyo maana mafundo huanzia nyuma ya masikio, makwapani, kinenani, nyuma ya mapaja, na shingoni pale mkanda unapokaa. Tena hajatimiza mwaka, bado anabadili manyoya ya utoto, na huo ndio wakati mgumu kuliko wote.

Halafu kuna kishona nguo, ambacho sasa kimekomaa kila pembe ya shamba. Mbegu yake ina ncha mbili tatu zenye vijimiba vilivyoelekea nyuma, kwa hiyo ikiingia haitoki yenyewe. Manyoya huizunguka, na baada ya siku chache una fundo lenye mwiba katikati. Mkirudi matembezini mpitishie mikono mwili mzima kabla hajaingia bandani, hadi katikati ya vidole vya miguu. Huko kwenu kuna pia utomvu wa paini za Sao Hill. Huo upake mafuta ya kula, usugue kwa vidole mpaka ulegee, kisha ufute kwa kitambaa. Mafuta ya taa hapana kabisa: yanaunguza ngozi, na mbwa hujiramba.

Sasa kuhusu mafundo yaliyokwisha kuwepo. Wewe unajua kufumua nywele zilizokaa na misuko muda mrefu: huanzii kichwani, unaanzia nchani. Fanya vivyo hivyo. Nyunyiza wanga wa mahindi kidogo ili manyoya yateleze, kisha shika shina la fundo kwa vidole viwili, karibu na ngozi, ili maumivu yasimfikie. Kwa mkono wa pili lichambue taratibu kwa vidole, ndipo uingize chanuo la chuma lenye meno ya kuachana. Fanya machache, umpe kipande cha nyama, mwache apumzike. Mbwa aliyeumizwa mara moja atakukimbia akiliona chanuo, na hapo kazi yako imekuwa ngumu kwa miaka.

Makasi ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Fundo huvuta ngozi juu na kuiingiza ndani yake, nawe unadhani unakata manyoya. Ukilazimika, pitisha kwanza chanuo kati ya fundo na ngozi, kisha lipasue kwa urefu juu ya chanuo, usilikate kwa upana. Na kama manyoya yameshikana mpaka huwezi kufika kwenye ngozi, usimtese. Mwite daktari wa mifugo amnyoe sehemu hiyo kwa mashine. Asimnyoe mwili mzima, maana baridi hii itamuumiza, na manyoya ya namna yake mara nyingine hayaoti sawasawa tena.

Hata mbwa mpole hung'ata akiumia, kwa hiyo angalia kwanza kama chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo.

Mafundo yakiisha, mwogeshe, lakini kuanzia saa tano, jua likiwa limepanda. Tumia shampuu ya mbwa, si sabuni ya unga, na suuza mpaka povu liishe. Taulo ulikandamize tu. Kusugua kunarudisha mafundo. Baada ya hapo mchane kila siku ya pili: tenga manyoya mistari mistari, uone ngozi, ndipo ushuke na chanuo. Ukichana juu juu atapendeza huku mafundo yakiendelea chini. Mkanda mvue usiku, na bandani tandika magunia safi badala ya nyasi zenye mbegu.

Ukikuta kupe chini ya mafundo, usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia, hasa penye michubuko. Daktari ndiye anayejua kipimo. Jumamosi anza na yale ya nyuma ya masikio, ndiyo madogo, na jioni unipigie tuzungumze ya makwapani.

Mjomba wako