Sabuni ya Buhongwa

Jumamosi moja sisi kina mama wa kanisa tulitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga hadi Buhongwa. Hapo familia moja huelekeza vikundi kutengeneza sabuni, kama SIDO inavyohudumia viwanda vidogo tangu 1973.

Mama mwenye karakana alivaa glavu kwanza, ndipo akatuvisha sisi. Kostiki soda hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji. Ukimwagia maji juu yake, huchemka na kukurukia usoni. Sisi wauguzi tumefunga vidonda vya namna hiyo, hata vya watoto. Ifungieni mbali!

Mumewe ndiye aliyeosha ndoo (tulitazamana). Hawakututoza ada, ila kila mmoja wetu akafundishe wajane wawili.

Vipande tulivyopewa tumeviweka rafuni vikomae mwezi mzima.