Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Mtumishi wa umma mwenye watoto wadogo hanunui gari jipya. Hununua lililokwishatumika Japani. Nilipotafuta langu, la kutufikisha kwa wazee Kibiti, wauzaji walinisifia rangi na unywaji mdogo wa mafuta. Mimi nilitazama kwanza uvungu, kwani ukiacha lami kuelekea delta ya Rufiji, masika hugeuza njia kuwa tope na gari la chini hukwama. Kisha nikavuta mikanda ya viti vya nyuma, mmoja baada ya mwingine. Noah iliyokuwa nafuu kuliko zote ilikuwa imeng'olewa mikanda hiyo ili ibebe abiria wengi. Nikaiacha, nikalipa zaidi kwingine.

Lakini ni wazazi wangapi wanaweza kulipa zaidi? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuweka sharti la kiti maalumu cha mtoto. Forodhani, gari kuukuu huongezewa ushuru kwa sababu ya umri wake. Dola inayojua kuhesabu miaka ya gari haishindwi kuhesabu mikanda yake. Tusipodai hivyo, uhai wa mtoto utaendelea kupimwa kwa kina cha mfuko wa mzazi.