Babu agoma kupiga gitaa mpaka mjukuu ajue wimbo ni wa nani

Ratiba ya sendoff ilikuwa imebaki mstari mmoja. Kijana wa miaka 14, aliyepewa kazi ya kuiandika kwenye simu ya mama yake, alikuwa amekwisha panga dua, utambulisho wa ndugu, keki na chakula. Mwisho akaandika: “Malaika, wa Miriam Makeba, utapigwa kwa gitaa na Babu.” Akautuma kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Dakika mbili hazikupita, Babu akatoka chumbani, miwani puani. Nyumba yao ni ya ghorofa ya pili, Upanga, na sauti yake ilisikika mpaka ngazini.

“Futa hilo jina, mjukuu wangu. Makeba aliuimba, hakuutunga. Nitapiga gitaa ukishaniambia wimbo ni wa nani.”

Mama aliguna. Yeye alikuwa na jambo zito zaidi. Sendoff ya binti yake ilishaahirishwa mara moja kwa sababu ya mahari. Upande wa mwanamume ulikuwa umebakiza shilingi milioni mbili, na baba mkubwa wa binti alishatamka: hakuna sherehe mpaka zikamilike. Binti alikuwa hali vizuri wala halali. Katika hali hiyo, nani ana nafasi ya kutafuta mtunzi wa wimbo?

Kijana alikuwa nayo. Shule zilikuwa zimefungwa.

Alianza na nyimbo za karibuni, akawa anarudi nyuma. Mwaka 1991 aliukuta Malaika kwenye albamu ya Logozo ya Angélique Kidjo wa Benin. Mwaka 1981 ulitolewa na Boney M., kundi lililoanzia Ujerumani. Mwaka 1967 aliukuta Sweden, ukiimbwa na Hep Stars, bendi ambayo mpiga kinanda wake alikuwa Benny Andersson, yule aliyekuja kutamba na ABBA. Mwaka 1965 Makeba aliuimba kwenye albamu aliyoshirikiana na Harry Belafonte, albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata.

“Mama, wote hawa Kiswahili si lugha yao,” alisema kijana. “Walijifunza kwa nani?”

Jibu lilimpeleka Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Fadhili William, Mkenya wa Taita, aliurekodi wimbo huo na kundi lake la Jambo Boys. Baadaye alikuwa pia katika bendi ya Equator Sound, pamoja na Daudi Kabaka, chini ya studio ya Charles Worrod. Jina la Fadhili ndilo lililoandikwa kwenye santuri, na ndilo lililosafiri.

Kijana alikimbia kwa Babu akiwa na jibu lake. Babu akatikisa kichwa.

“Umefika kwa aliyerekodi. Mtunzi bado.”

Siku iliyofuata walishuka pamoja Kariakoo kutafuta nyuzi za gitaa. Babu alitembea polepole katikati ya mikokoteni na wauza mitumba, akasimama kwenye kona moja ya Mtaa wa Msimbazi. Hapo, alisema, palikuwa na fundi cherehani mwenye redio, na yeye akiwa kijana alisimama nje ya duka akisubiri wimbo huo upigwe.

“Zamani zile bendi za hapa zilirekodi Redio Tanzania, kwenye tepu, ili zisikike hewani,” Babu alimweleza. “Ukitaka santuri, mambo yako yalikuwa Nairobi. Kwa hiyo aliyefika studio ndiye aliyeandikwa. Aliyeimba kwenye harusi za watu miaka kumi hakuna aliyemwandika.”

Kuandikwa si sifa tu. Wimbo una haki za aina mbili: haki ya aliyeutunga na haki ya aliyerekodi. Mwingine akiurekodi upya huko Ulaya, fungu la mtunzi humfuata yule ambaye jina lake limeandikwa. Hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapoibuni kazi yake, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini siku ya mabishano huulizwa ushahidi, na wimbo uliobaki kichwani hauna ushahidi.

Usiku ule kijana alilipata jina jingine: Adam Salim, Mtanzania, mzaliwa wa 1916. Wengi wanamtaja kuwa ndiye aliyeutunga Malaika akiwa Nairobi, mwaka 1945, miaka mingi kabla ya santuri ya kwanza. Inasimuliwa kwamba aliutunga kwa ajili ya binti aliyempenda, asiweze kumuoa. Wapo pia wanaomtaja Grant Charo, Mkenya. Fadhili William naye alishikilia kuwa wimbo ni wake, mpaka alipofariki mwaka 2001.

Kijana aliandika yote hayo, akayatuma kwenye kundi. Kisha akamuuliza Babu, kwa unyonge kidogo, “Sasa Babu, niandike nani? Wanabishana.”

“Andika kwamba wanabishana. Usimpe mmoja kwa kumnyang’anya mwenzake kama huna hakika.” Babu alinyamaza, akafunga uzi wa mwisho. “Ila kuna jambo moja hawabishani. Utunge nani, habari ni ileile: kijana kapenda, mali hana, ndoa imemshinda. Sisi tunaupiga kwenye sherehe tunatabasamu. Kumbe ni kilio cha mtu aliyekosa sherehe.”

Kijana, bila kuwaza sana, aliyaandika na hayo, akayatuma.

Kundi lilikaa kimya. Alama zilionyesha kwamba kila mtu amesoma. Mama alisoma mara mbili, akaiweka simu kifudifudi mezani, akaenda kuketi kitandani kwa binti yake. Hakuna aliyesikia walichozungumza.

Saa nne usiku baba mkubwa alipiga simu. Hakutaja wimbo hata kidogo. Alisema tu kwamba ameongea na mshenga, kwamba mahari haimalizwi siku moja, na kwamba salio litaletwa wakijaliwa, baada ya harusi. Tarehe ya sendoff ibaki ileile. Kisha akauliza, kama mtu anayebadilisha mada, “Huyo Babu yenu ameshapata nyuzi?”

Mzazi, mtoto akikuuliza wimbo huu ni wa nani, hadithi hii ni ya nani, usimjibu “ni wa zamani tu.” Mtume aulize. Kaa naye atafute. Na kama nyumbani kwako kuna mzee mwenye bembelezi au wimbo wa kwao ambao haumo kwenye simu ya mtu, mrekodi leo, na umuulize alijifunza kwa nani. Itachukua dakika tano.

Ratiba ilirudi kundini asubuhi. Mstari wa mwisho ulikuwa mrefu kuliko mingine yote:

“Malaika. Wengi wanasema mtunzi ni Adam Salim, na wapo wanaotaja wengine. Aliyeurekodi kwanza ni Fadhili William. Babu aliusikia Mtaa wa Msimbazi, kwenye redio ya fundi cherehani. Ataupiga kwa gitaa.”

Babu aliusoma taratibu, kidole kikifuata maneno.

“Hapo sawa,” alisema. “Nipe hilo gitaa.”