Ubao wa Mangi

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2025, ufuta umeegemezwa mafungumafungu kwenye nyua za Kisanga, Mwalimu aliposimama kwenye kibanda cha wakala pale stendi kutoa pesa. Binti wa kibanda, aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi, alimwamkia, akaipokea simu ya mzee ili amsaidie, maana miwani ilibaki nyumbani. Mwalimu akamwambia atoe elfu thelathini. Ni gawio lake la benki, akaongeza, kama mtu anayetaka kuulizwa.

"Gawio?" Binti alicheka. "Babu, gawio si lile analopokea Rais?"

Hakuwa amekosea sana. Tangu mashirika ya umma yaanze kupanga foleni na mfano wa hundi mpana kama mlango, neno hilo limehamia kwenye taarifa ya habari. Juni 2024 Serikali ilipokea zaidi ya shilingi bilioni 600, na mwaka uliofuata kiasi kikavuka trilioni. Mtoto aliyekua akitazama picha hizo ana haki ya kudhani gawio ni mali ya Ikulu, mithili ya mwenge. Kilichomchoma Mwalimu ni mahali swali lilipoulizwa. Kibanda kile kimesimama palepale palipokuwa na ukuta wa duka la Mangi, na juu ya ukuta huo neno gawio liliandikwa kwa chaki kila Jumamosi, miaka saba au minane mfululizo.

Mangi hakuwa Mchaga. Alikuwa Mpogoro wa Mahenge, lakini katika nchi hii ukishafungua dirisha lenye nondo ukauza kiberiti, wewe ni Mangi, upende usipende. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, na mbao ya kaunta iling'aa kwa viwiko vya wateja. Harufu ilikupokea kabla ya salamu. Yalitangulia mafuta ya taa, wakafuata dagaa wa Kigoma, ikafuata sabuni ya mche iliyokatwa kwa uzi. Na msimu ukifika, juu ya hayo yote, ufuta mpya kwenye magunia yaliyopangwa hadi darini. Mafuta ya taa yalishinda kila kitu. Mkate wa Mangi ulinuka mafuta ya taa, chenji yake ilinuka mafuta ya taa, na kijana aliyeandika barua ya mapenzi kwenye karatasi ya dukani kwake alijulikana kwa pua kabla bahasha haijafunguliwa.

Alipima sukari kwa mizani ya mawe na hakupunja mtu. Ila kabla ya kupima alikuwa lazima aipulize sahani ya mizani, mara mbili, hata kama haina kitu. Wadeni wake aliwaandika kwa penseli. Aliyelipa alifutwa, aliyesumbua alirudiwa kwa kalamu ya wino, na kurudiwa kwa wino kulitisha watu kuliko barua ya mtendaji wa kijiji.

Kwa kufungia bidhaa alitumia magazeti ya zamani, aliyonunua kwa kilo mjini Morogoro. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Mwalimu alikuwa mwanahisa kabla hajaelewa sawasawa uanahisa ni nini. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilifungua milango Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, watu wa gesi. Septemba ikaingia TBL. Hisa za kampuni ya bia ziliuzwa kwa umma shilingi 550 kila moja. Mwalimu alikuwa Morogoro kwa semina ya walimu, akaona watu wamejaa benki wanajaza fomu, akajaza na yeye: hisa 100, shilingi 55,000. Mkewe aliambiwa pesa iliishia kwenye michango ya semina. Hundi ya gawio la kwanza ilipokuja kwa posta, nauli ya kuipeleka benki, kupitia Mikumi na katikati ya hifadhi ambako basi husimama kupisha tembo, ilikaribia kuimaliza yote. Akaenda hivyo hivyo. Alitaka kuona kama wataipokea.

Siku moja, mwaka 2001 au 2002 (daftari lake linasema 2002, mjane wa Mangi anasema ni mapema zaidi kwa kuwa bati lilikuwa bado lile la zamani, na mwaka hauna ugomvi), alifika nyumbani, akafungua dagaa, akakuta chini ya dagaa tangazo la kampuni. Gawio kwa kila hisa. Siku ya kufunga daftari la wanahisa. Siku ya malipo. Alilisoma mara tatu huku mafuta ya samaki yakisogea kwenye tarakimu. Siku hiyo ndipo alipoelewa kanuni ambayo hakuna aliyemfundisha: aliyemo kwenye daftari siku linapofungwa ndiye mwenye gawio, anayenunua baada ya hapo anangoja gawio lijalo. Daftari lilikuwa limefungwa wiki tatu nyuma.

Akaelewa na la pili. Habari za gawio hazikuwa zikiandikwa na waandishi. Zilikuwa matangazo, yaliyolipiwa na kampuni zenyewe, mara nyingi kwa Kiingereza, katika kurasa ambazo msomaji wa Kisanga hufungiwa chumvi. Kwa hiyo, watu wanaomkumbuka Mwalimu kama adui wa matangazo wanakosea. Habari aliyoihitaji kuliko zote ilimfikia kama tangazo, tena likiwa na magamba.

Shuleni kulikuwa na ubao uliovunjika pembe, umetupwa nyuma ya stoo. Aliuomba, akautundika kwenye ukuta wa Mangi. Kondakta wa basi alimletea gazeti kutoka Morogoro kwa malipo ya chai. Kila Jumamosi akachora safu nne: jina la kampuni, gawio kwa hisa, siku ya kufunga daftari, siku ya kulipa. TBL. Sigara, walioingia sokoni mwaka 2000. Saruji ya Simba, 2002. Baadaye wale wa mizigo ya uwanja wa ndege. Majina yenyewe yalizua maswali. Mbona kiwanda cha sukari kinachoonwa na watu wa huku, kule Ruembe, hakimo ubaoni, na bia ya Ilala imo? Mwalimu alieleza kwamba kile cha sukari kina wenyewe na hisa zake haziuzwi sokoni. Wakulima wa miwa walimsikiliza kwa uso wa mtu anayeambiwa ng'ombe anayemlisha si wake, jambo ambalo walikuwa wakilijua siku nyingi.

Mangi hakudai kodi ya ukuta. Alidai mstari wa juu kabisa. Ndiyo maana, kwa miaka yote ile, juu ya gawio la kampuni kubwa za nchi paliandikwa SUKARI IMEFIKA, au MABATI YAPO, au, Desemba moja, VIATU VYA WATOTO JOZI 11 TU. Wasomaji wa ubao walikuwa wachache, wenye hisa hata mkono mmoja haukujaa, lakini waliosimama kusoma walinunua. Fundi cherehani naye akaomba mstari. Akaja muuza mbegu za mahindi. Mwalimu akapiga mstari mweupe chini ya safu zake na kuweka sheria: chini ya mstari huu vinaingia vitu vinavyoonekana na kupimika. Mganga mmoja wa kutoka njia ya Kilosa alitoa 5,000 aandikiwe kwamba anakuza biashara na kurudisha wapenzi. Alikataliwa. Mangi alicheka hadi akalazimika kuipuliza mizani bila mteja.

Wakala wa bia alipolipia mstari, msomaji mmoja aliuliza hadharani, "Mwalimu, hawa TBL wanakupa ngapi?" Swali lilimkosesha usingizi. Jumamosi iliyofuata aliandika pembeni, kwa herufi ndogo: Mwandishi wa ubao huu ana hisa 100 za TBL. Hapakuwa na mtu aliyemwagiza; aliona tu kwamba anayesema ng'ombe fulani ananona, watu wajue kama ni wake. Wasomaji wakatulia. Nyumbani hakukutulia. Mkewe alikuwa kila siku akinunua chumvi pale dukani, na anajua kusoma. Zile 55,000 za semina zikafufuka, na ndugu wawili wakaja kukopa kwa mwanahisa.

Ubao ulipata wasomaji wa kweli NMB ilipouza hisa zake mwaka 2008 kwa shilingi 600, na CRDB mwaka uliofuata kwa 150. Shilingi 150 ni bei ambayo mtu wa ufuta anaweza kuitafakari bila kuuza shamba. Mwalimu alinunua 500 za CRDB, 75,000, mara hii kwa kuaga nyumbani.

Ilikuwa pia miaka ya kupanda na kuvuna, ulipanda pesa ukaahidiwa maradufu; aliyekuwepo hahitaji kuelezwa. Mtu mwenye mkoba alishuka kwenye basi, akauangalia ubao, akawaangalia watu wanaousoma, kisha akatoa shilingi 30,000 kwa mwezi apewe nusu yake. Panda mbegu, vuna mara mbili. Mwalimu alionyesha mstari mweupe. Yule mtu hakubishana naye. Aliingia dukani.

Mangi alitoka na hoja ambayo Mwalimu hajapata jibu lake mpaka leo. "Mwalimu, ubao wako. Ukuta wangu." Wiki ile ile ukatundikwa ubao wa pili, mpya, hatua moja kutoka ule wa zamani. Aliyeandika alikuwa kijana aliyesoma kwa Mwalimu kuanzia darasa la kwanza, na mwandiko ulikuwa uleule, herufi zimelala kidogo kulia, g yenye mkia mrefu kama ilivyofundishwa. Upande mmoja gawio la mwaka mzima, shilingi kadhaa kwa hisa. Upande wa pili, maradufu. Chaki moja, mkono kama mmoja, juu ya ukuta ambao haukuwahi kumdanganya mtu.

Mwalimu aliongeza sentensi kwenye ubao wake kwamba ule mwingine si wake. Aliyeisoma ni nani? Akina mama wa upatu walikuwa wameuza ufuta, na pesa ya ufuta haikai.

Mambo yalipoharibika, mwenye mkoba hakuonekana tena. Watu hawakwenda kwa Mangi. Walikwenda kwa Mwalimu, jioni, wakakaa kwenye mkeka wake kama waliofika msibani, na mmoja wao, mama ambaye Mwalimu alimfundishia watoto watatu, akasema taratibu, "Tulisoma kwako." Alijaribu kueleza habari ya mbao mbili. Walikubali kwa vichwa. Hawakuondoka. Asubuhi aliushusha ubao, na Mangi akamsaidia kung'oa misumari bila kusema neno. Baadaye ilijulikana kwamba Mangi mwenyewe alikuwa amepanda mtaji wa magunia yote ya msimu. Duka likaanza kuwa na nafasi. Harufu ya ufuta ndiyo iliyotangulia kuondoka, kisha dagaa. Mafuta ya taa yalibaki hadi mwisho.

Yaliyofuata hayana mengi. Kampuni moja ikaja na ndoo za rangi, ikapaka ukuta wote bure, na mtu aliyepita stendi hakuona tena duka, aliona rangi. Mangi akafa. Warithi wakagawana bati. Mwaka 2017 Vodacom ikauza hisa kwa shilingi 850 na vijana wakamuuliza Mwalimu kwa simu, na yeye akajibu kwa simu, na hakuna aliyepita akasikia. Siku hizi hisa zinanunuliwa kiganjani, kuingia kwenye daftari la wanahisa hakuhitaji kuvaa viatu. Mwanafunzi wake mmoja aliyeko Dar anaendesha kundi la WhatsApp la wawekezaji wa nyumbani. Tangazo la gawio likipita mara moja, linafuatwa na matano ya mikopo ya kausha damu na mafundi wa kutabiri dola, na Mwalimu alipouliza mstari mweupe uko wapi, aliwekewa kikaragosi kinachocheka. Mwandiko siku hizi ni mmoja kwa wote, wa simu.

Pale kibandani alimweleza binti kwa hesabu, maana ndiyo njia anayoijua. Hisa 500 za CRDB, shilingi 65 kila moja kwa mwaka 2024, ni 32,500. Kodi asilimia 5, inabaki 30,875. Na zile hisa bado anazo, mwakani zitazaa tena au zitazaa kidogo au hazitazaa, hakuna aliyemwahidi.

Binti alirudia hesabu kwenye kikokotoo cha simu. Ilitoka sawa. Aliangalia juu. "Kwa hiyo ukinunua mapema, kabla daftari halijafungwa..."

"Unaingia."

"Na nitajuaje linafungwa lini?"

Mwalimu aliangalia ubavu wa kibanda. Ulikuwa mweupe sehemu ndogo, kiasi cha kutosha safu nne ukibana mwandiko. Sehemu kubwa ilifunikwa na karatasi ya rangi: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Pembe moja ilikuwa imebanduka na upepo wa stendi ulikuwa ukiipigapiga. Binti alimfuata kwa macho, akanyoosha mkono nje ya dirisha. Mwalimu alidhani anaing'oa.

Alilamba kidole, akailowesha gundi, akairudisha pembe mahali pake, akaipiga pasi kwa kiganja. "Hii inanilipia kodi ya kibanda, babu," alisema, akamhesabia mzee noti tatu za elfu kumi, na kumsikiliza mteja wa nyuma.