Nyumba ya Babu Yavuja, Nani Atalipa?

Bati la nyumba ya marehemu babu kule Kajiado limetoboka, na ndugu zangu wamegawanyika. Kaka mkubwa ataka ibomolewe tujenge vyumba vya kupangisha. Basi katika kikao cha jamaa nikainuka nikasema, "Tuunde chama cha kuihifadhi!"

"Chama?" shangazi akauliza. "Nani mwekahazina? Na nani atafagia?"

Sikuwa na jibu, msomaji. Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu hapa Kitengela hadi Nairobi, kisha nyingine hadi Karen, kwenye nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa huko hadi 1931. Nilidhani inaendeshwa na chama cha wapenzi wa vitabu vyake. La hasha! Nyumba hiyo ilijengwa 1912, Denmark ikaitoa kwa Kenya kuwa zawadi ya uhuru, na mwaka wa 1986, baada ya ile sinema ya Out of Africa, ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwenyewe ni Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, shirika la serikali. Anayekutembeza vyumbani ni mwajiriwa.

Chama kipo, lakini ni kitu kingine: Kenya Museum Society, kilichoanzishwa 1971 kuyasaidia makumbusho hayo. Kujiunga si kazi. Walipa ada ya mwaka, nawe waingia bure katika makumbusho ya taifa. Lakini ada peke yake (nasema mimi) haiezeki hata choo. Kwa hiyo wana duka, huandaa safari, na kila mwaka huwa na maonyesho ya picha za kuchora ambapo sehemu ya mauzo hubaki kwa chama. Wengi wanaohangaika na hayo yote hujitolea tu, hawapati hata ndururu.

Njiani kurudi, tukiwa tumekwama kwenye msongamano wa Mlolongo, ndipo nilipong'amua. Wale wa kujitolea huchangia nyumba ambayo tayari ina mwenyewe, na huyo mwenyewe ndiye anayelipa mfagiaji na mlinzi. Chama ni cha kuongezea. Yetu je, ni ya nani?

Nilipouliza swali hilo kikaoni, kimya kilitanda. Shangazi akaingia chumbani, akatoka na bahasha iliyochakaa. Hati ya ploti ingali na jina la babu, naye alifariki miaka kumi na minane iliyopita. Hata huyo kaka na vyumba vyake hangeweza kupiga hatua.

Tulikubaliana kwanza tuende kortini kufuatilia urithi, na kila mmoja atoe shilingi 500 kwa mwezi za mlinzi na bati. Kaka, ajabu, ndiye aliyetuma wa kwanza, jioni hiyo hiyo. Zangu sijatuma. Shangazi amenipigia simu mara mbili.