Yeye Masaki, Mimi Njiro

Jamani, nani alisema hela inamaliza ugomvi? Baada ya miaka sita ya kubana matumizi, mimi na mume wangu tulibaki na nyumba mbili: apatimenti ya ghorofa ya tisa Masaki, bahari yote dirishani, na nyumba ya Njiro, Arusha, Mlima Meru ukichungulia jikoni.

Yeye akasifia bwawa la kuogelea na Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022. "Dakika chache tu uko mjini, mke wangu." Mimi nikahesabu ada ya kila mwezi ya lifti, jenereta na walinzi. Na chumvi ya bahari inavyokula viyoyozi! Njiro mwezi wa Julai unajifunika blanketi mbili, bure.

Tukanuniana wiki nzima. Ndipo akasema: kazi yake iko Dar, zaidi ya kilomita 600, ataogopa kupokelewa kila Ijumaa kama mgeni nyumbani kwake. Nami nikakiri: mama yuko Arusha, peke yake tangu baba afariki.

Tumemwomba dalali wiki mbili. Jumamosi tunapanda wote kumuuliza mama kama anataka kuishi na sisi, maana hadi leo hakuna aliyemuuliza.